Nyasi za Mama Kolumba

Mwezi huu wa tatu tumemzika Mama Kolumba kule Maguu, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi mtu mmoja aliponiuliza swali ambalo sikumjibu. Tulikuwa kwenye chakula cha msiba, wanaume tumekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa shuleni, sahani za ugali na maharage zinapita mkono kwa mkono. Kijana anayeitwa Ditrick, mtoto wa shemeji wa marehemu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima: "Huyu Bwana Shamba ndiye yule Mmormoni wa zamani. Hebu tuambie, mzee, ulimbatiza mama mkubwa?" Nikasema hapana. "Hata mtu mmoja hapa Maguu?" Nikasema hata mmoja. "Sasa mwaka ule mzima ulikuja kufanya nini?" Watu wakacheka kile kicheko cha msibani cha kujizuia, na mimi nikaendelea kula. Sikunyamaza kwa kukosa jibu. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia Ditrick huyohuyo nyuma ya jiko akiwaambia wenzake kwamba shamba la marehemu sasa linarudi kwenye ukoo, kwa kuwa Kolumba ni mtoto wa kike, na nilijua nikifungua mdomo nitasema maneno yasiyosemwa msibani. Jibu nimeshuka nalo mpaka huku Kihagara ninakofanyia kazi, nimelileta kwenye meza yangu iliyo karibu na dirisha la upande wa ziwa, na ninaliandika lote. Asiyelitaka aache kusoma hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini. Kanisa letu hutuma vijana kwenda kuhubiri kwa miaka miwili, wawiliwawili, shati jeupe, tai, na kibeji cheusi kifuani kinachokuita Mzee hata kama ndevu hazijaota. Habari za nyumbani kwetu Usukumani naziruka, hazihusiki. Mwaka mmoja kati ya ile miwili niliutumia Mbinga pamoja na mwenzangu Wafula, Mkenya wa Kitale, mrefu, mwoga wa viongozi na hodari wa kupika chapati. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya ghala la kahawa. Chumba kimoja kilikuwa na vitanda viwili vya futi tatu, na kingine kilikuwa na jiko la mafuta ya taa, kamba ya kuanikia mashati wakati wa mvua, na ramani ya wilaya tuliyoichora wenyewe kwa penseli. Harufu ya kahawa iliingia mpaka kwenye mashuka, na kahawa ndiyo kitu dini yetu isichoruhusu kunywa. Fikiria kijana anayesimama mbele ya wakulima wa kahawa na kuwaambia hivyo. "Kahawa yetu ina dhambi gani?" waliniuliza, wengine kwa kucheka, wengine wamekasirika kabisa. Sikuwahi kupata jibu lililomridhisha mtu. Mpaka leo siinywi, na mpaka leo jibu sina, na siombi radhi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Watu wa Mbinga hawakutufukuza. Nasema hivyo kwa sababu wenzetu waliokuwa miji mingine walikuwa na hadithi za kufukuzwa na mbwa, nao walizisimulia kwa majigambo. Sisi tulikaribishwa, tukapewa kiti, tukapewa chakula, tukaachwa tumalize maneno yetu yote, halafu mwenye nyumba alituambia kwa upole: "Asanteni sana vijana, sisi ni Wakatoliki." Basi. Kila Jumapili jioni tulijaza fomu ya taarifa: watu waliofundishwa, watu waliokuja ibadani, watu waliokubali kubatizwa. Wafula ndiye aliyekuwa akiandika, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri, na alizichora zile sifuri kwa uangalifu kama anapamba kadi ya harusi. Kiongozi wetu alikuwa mjini Songea, kijana tu kama sisi ila amepewa cheo, na kila alipopiga simu sauti yake ilizidi kuwa ya baridi. Nilianza kuamini kwamba mimi ni mtu nisiyefaa, na hilo liliniudhi kuliko kunihuzunisha.

Mama Kolumba tulimpata sokoni Mbinga. Alikuwa mjane wa miezi michache, mfupi, mwenye mabega mapana, anahangaika na gunia la maharage, nasi tukalibeba. Hakutushukuru kwa maneno mengi. Alisema, "Mje Maguu mle chakula, lakini hiyo dini yenu mtaiacha nje, mimi ninayo yangu." Tukaenda, tukarudi tena, ikawa desturi, kila baada ya wiki mbili. Jiko lake lilikuwa la miti na udongo, jeusi kwa moshi mpaka darini, mafiga matatu, benchi moja fupi, na kwenye msumari mmoja rozari ilining'inia pamoja na chujio. Alitupikia ugali na dagaa wa Nyasa, wale wanaopandishwa milimani kwa magunia kutoka Mbamba Bay, na alipokuwa akichambua maharage alitusikiliza tukifundisha. Tulipokosea Biblia alitusahihisha bila kuinua macho. Binti yake Kolumba, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa anacheka kwenye kiganja kila mama yake alipotuita "wazee wangu".

Ukuta wa nyuma wa jiko lile ulipakana na uwanja wa Mzee Egno, mdogo wa marehemu mume wake, ndiye baba wa Ditrick. Pale ndipo wanaume wa ukoo walipokuwa wakila pamoja jioni, kila nyumba inaleta chakula chake, na wakishakula wanazungumza mambo ya ukoo na kuyakata. Wamatengo, wenyeji wa milima ile, wanaiita sengu. Jioni moja, sisi tukiwa jikoni, tulimsikia Mzee Egno akisema kwamba shamba la kaka yake limekaa mwaka mzima bila mwanaume, na shamba lisilolimwa ni aibu ya ukoo. Mwingine akasema mjane apewe muda. Wakabishana, wakakubaliana. Likikatwa ngoro, kilimo chao cha mteremkoni, na kupandwa maharage kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu, litabaki kwake. Lisipokatwa, Egno atalichukua. Mama Kolumba aliacha kuchambua. "Mmesikia nyinyi pia?" akatuuliza. Tukasema tumesikia. "Basi," akasema, akaendelea na maharage yake.

Sasa nifike kwenye wiki yenyewe. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho ilikuwa siku yetu ya mapumziko, siku ya kufua na kuandika barua nyumbani. Niliamua tusifue, twende Maguu tukamsaidie. Tulimwomba kiongozi wetu ruhusa ya kulala siku mbili kwa Mwalimu Saidi, Mwislamu wa Kondoa aliyepangiwa shule ya Maguu, ambaye alikuwa akisema sisi watatu ndio wageni wa kijiji kwa hiyo ni ndugu. Tulipofika, Mama Kolumba hakuwepo, amempeleka Kolumba hospitali ya Mbinga kung'oa jino. Tukashuka shambani. Ulikuwa mteremko mkali ambao kwetu tungewaachia mbuzi, na wote ulikuwa umelaliwa na nyasi zilizokatwa, ndefu, zimeanza kukauka. Mimi ni Msukuma. Kwetu shamba linalosubiri jembe linatakiwa liwe jeupe, nyasi zikusanywe zichomwe, ndipo uinue matuta. Wafula alisema hata kwao takataka hutolewa kwanza. Tukatazamana, tukakunja mikono ya mashati. Kutwa nzima tulikokota zile nyasi, tukazitupa chini kwenye kijito kilichokuwa kimefura kwa mvua, na maji yakazichukua zote. Tuliimba. Naona aibu kuliandika hilo la kuimba, lakini tuliimba, sauti ya kwanza na ya pili. Saa kumi jioni shamba lilikuwa tupu na jekundu, nami nilisimama juu yake nikajiona mtu.

Mama Kolumba alirudi na Kolumba amefungwa kitambaa shavuni. Alisimama ukingoni mwa shamba, akatua kikapu. "Nani ameniibia nyasi?" aliuliza. Wafula akasema kwa furaha, "Hakuna aliyeiba, mama. Ni sisi. Tumekusafishia." Mama alishuka taratibu mpaka katikati, akaokota udongo, akautazama, akakaa chini palepale na kitenge chake cha kwendea mjini. Kolumba akaanza kulia na lile shavu lake, "Mama, baba mdogo atalichukua! Atalichukua!" Mimi bado sikuelewa. Nilifikiri labda tumekanyaga kitu kitakatifu. Ndipo mama akatueleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Zile nyasi ndizo ngoro zenyewe. Zinapangwa chini kwa mistari inayokatana, zinafanya vyumba vya mraba mlima mzima. Udongo wa katikati ya kila chumba unachimbwa na kufunika nyasi za pembeni, na mbegu zinapandwa juu ya kingo hizo. Katikati linabaki shimo la kushika maji, na nyasi zikioza ndizo mbolea. Bila nyasi, udongo wa mteremko ule ungeshuka kijitoni kwa mvua moja. Kukata nyasi ni kazi ya wanaume, lakini Egno alijifanya amesahau, kwa hiyo yeye mwenyewe alizikata kwa fyekeo majuma mawili.

"Hamkuuliza," alisema. "Mwaka mzima mnaniuliza kama nitabatizwa. Hili la nyasi hamkuuliza."

Maneno hayo yamekaa nami tangu siku ile. Nilikuja kusomea kilimo kwa sababu yake, na nimekuwa afisa kilimo wa kata, na kila ninaposimama mbele ya mkulima nikiwa na maelekezo ya ofisini mkononi, nayasikia. Lakini jioni ile sikuwa na hekima yoyote. Nilikuwa na aibu inayochoma masikio. Tulikula jikoni, na kutoka nyuma ya ukuta tukawasikia wanaume wa sengu. Mtu alikuwa amewahi kupita akaona. "Wamelifua shamba kama wanavyofua mashati yao!" alisema Mzee Egno, na kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu mpaka mmoja akapaliwa. "Dini mpya imetusaidia. Jumapili tunalichukua bila ugomvi." Wafula alifunika uso. Mimi nilisimama, nikamwambia mama kwamba nyasi zake zitarudi na Jumapili shamba litakuwa limepandwa. Alinitazama. "Nyasi zitatoka wapi, mwanangu? Mwezi huu kila mtu ana shida ya nyasi zake." Nikasema sijui. Nilisema kweli, sikujua, ila nilikuwa nimekasirika, na hasira ile ndiyo iliyofanya kazi yote ya wiki.

Jumanne asubuhi tulikwenda parokiani. Wafula alinivuta shati njiani, "Masanja, sisi tutaenda kwa padri kuomba? Sisi? Na hizi beji?" Nikamwambia beji haivuliwi, ndiyo itakayomchekesha padri atuhurumie. Paroko alikuwa mtu mnene, mkali, amekaa barazani anatengeneza redio. Nilimwamkia Shikamoo, nikamweleza yote bila kuficha, mpaka ile habari ya kuimba. Hakucheka hata kidogo. "Mmeharibu shamba la muumini wangu," alisema, "halafu mnakuja kuniomba mimi nyasi." Nikasema ndiyo, Baba. Akafikiri huku anafunga skrubu. "Za makaburini hazijakatwa tangu Novemba. Chukueni zote. Lakini mtakata kwa fyekeo, na mtazunguka kila msalaba kwa mkono. Nikikuta msalaba umeguswa, nitawafuata mpaka huko kwenu." Kwa hiyo siku mbili tulikata nyasi za makaburini, wahubiri wawili wa dini ya kigeni, tumepiga magoti kati ya marehemu Wakatoliki wa Maguu. Kaburi la mume wa Mama Kolumba tulilisafisha kwa mikono. Halafu tulifunga mizigo, tukaipandisha na kuishusha kwa vichwa, karibu mwendo wa nusu saa kila safari, mvua ikinyesha na kukatika. Tulikuwa na mashati mawili kila mmoja. Udongo wa Maguu haujapata kutoka kwenye yale mashati, nami sijapata kuyatupa.

Mbona hatukuita watu? Nimeulizwa hivyo mara nyingi. Huko mwenye kazi kubwa hupika pombe, watu wakaja kulima, jioni wakanywa, na pombe haipikwi ikaiva kwa siku mbili. Mama hakuwa na muda wala mtama, na wanaume wa ukoo walikuwa wanasubiri ashindwe. Kwa hiyo tulikuwa sisi wawili, mama, na Kolumba aliyekuwa amevimba shavu.

Jumatano jioni kiongozi wetu alipiga simu. Maguu wakati huo mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya jiwe nyuma ya darasa la tatu, na Mwalimu Saidi ndiye aliyekuja kuniita. Ruhusa yetu ilikuwa ya siku mbili na imeisha, alisema kiongozi. Alhamisi kuna mkutano Mbinga, turudi na taarifa ya wiki. Nikamwambia tumemharibia mtu shamba na hatuondoki mpaka lipone. Akaniambia mara mbili kwamba hatukutumwa kulima. Nikamwambia, "Basi andika kwamba nimekataa." Mbuzi wa Mwalimu Saidi alikuwa anatafuna kamba ya viatu vyangu. "Unajua maana yake?" akauliza. Nikasema najua. Sikujua hata kidogo. Niliposhuka kwenye jiwe Wafula alikuwa amesikia yote. "Wewe ni kichwa ngumu, Masanja. Hawa watatutuma nyumbani." Nikamwambia watutume, ila watutume Jumatatu. Alizungukazunguka pale kwa muda, akapiga jiwe teke, kisha akauliza kama bado kuna mizigo ya kushusha. Nimesali na watu wengi, lakini sijapata kumpenda mtu wa imani yangu kama nilivyompenda Wafula dakika ile.

Alhamisi tulipanga mistari. Mama alisimama juu, akatuelekeza kwa fimbo: hapa, hapana, shusha kidogo, usinyooke sana, fuata mlima unavyotaka. Wafula alikuwa na jicho zuri, mimi mistari yangu ilipinda. Ijumaa ndipo ilipofika kazi ya jembe, na hapo ndipo tulipojua kitu kingine. Kupanga nyasi ni kazi ya wanaume, lakini kuchimba na kufunika ni kazi ya wanawake. Hakuna mwanaume wa Maguu aliyekuwa akishika jembe la ngoro. Mama alituambia tupumzike, yeye na Kolumba watalima watakapofikia. Nilihesabu vyumba vilivyobaki mlimani, nikaomba jembe. Akakataa. Nikaomba tena. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akanipa, akampa na Wafula.

Haukupita muda Mzee Egno akatokea njiani na wenzake wawili. Alisimama akiegemea fimbo, akatazama kama mtu anayetazama ngoma. "Hee! Kijana, umeolewa?" aliniita. "Hapa kwetu mwanaume akishika jembe la ngoro ni kwamba ameolewa." Wenzake wakaangua kicheko. Mikono yangu ilikuwa imechubuka, nina njaa, sina tena kanisa la kuniogopesha. Nikainuka. "Shikamoo mzee. Ndiyo, nimeolewa. Sasa unipishe, mume wangu ni mkali, anataka shamba liishe kesho." Sikujua kwamba kwenye mteremko wa pili walikuwepo kina mama wa jumuiya ya parokia wanalima lao. Walisikia kila neno. Walicheka mpaka wakakaa chini, mmoja akapiga vigelegele, mwingine akampigia Egno kelele, "Mzee Egno, mbona hao walioolewa wanalima na wewe umesimama?" Mzee Egno aliondoka bila kuaga. Na Jumamosi asubuhi wale kina mama walishuka kwetu, sita, na majembe yao. Hawakuja kwa ajili ya dini yetu, wala hawakujifanya. Mmoja aliniambia wazi, "Sisi tumekuja kwa mwenzetu. Nyinyi mtafute kona yenu msituharibie mistari."

Tukapewa kona ya chini, karibu na kijito. Siku ile nilikula chakula bora kuliko vyote nilivyowahi kula, viazi vya kuchemsha na chumvi, tumesimama matopeni, kina mama wanatuuliza kama ni kweli Wakenya wanakula ugali bila kunawa, na Wafula anaapa kwamba si kweli. Tulifunika ukingo wa mwisho jua likielekea kuzama, Kolumba akadondosha mbegu za mwisho kutoka kwenye kanga yake, na mvua ikafuata papo hapo, mvua nzito. Hakuna aliyekimbia. Tulisimama kutazama. Maji yalishuka kutoka juu, yakaingia kwenye shimo la kwanza, yakajaa, yakaingia la pili, na mlima mzima ukayashika. Ukingo mmoja tu ulipasuka. Ulikuwa wangu. Mama Kolumba alishuka, akauziba kwa mguu wake, akaukanyaga mara tatu, akaniambia, "Sasa umeshika."

Jumapili wenye Misa walikwenda Misa, sisi tukasali wawili chumbani kwa Mwalimu Saidi, naye akatupisha akakaa nje. Baada ya Misa wanaume wa ukoo walikuja shambani. Mzee Egno alizunguka kote akitafuta kosa, mpaka akafika kwenye kona yetu. "Hii mistari ya mlevi," alisema. Nikamwambia, "Mzee, mimi silewi," na hata wenzake wakacheka. Mkubwa wa ukoo alitazama maji yaliyotuama mashimoni, akasema, "Limelimwa," akaondoka kwenda kula. Ikawa imekwisha. Mama Kolumba alisubiri mpaka wamepotea njiani, kisha akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, na kibeji changu kikamkwaruza shingoni. Nililia, na silifichi hilo. Jioni ile Wafula alijaza fomu. Waliofundishwa, sifuri. Waliokuja ibadani, sifuri. Waliokubali kubatizwa, sifuri. Sehemu ya maelezo nilimnyang'anya kalamu nikaandika mwenyewe: wiki nzuri kuliko zote. Baada ya majuma mawili nikahamishiwa mkoa mwingine na kuvuliwa ukubwa wangu mdogo, ule wa kumtangulia mwenzangu. Waliniambia nikitubu nitarudishiwa. Sikutubu wakati ule, na sitatubu leo nikiwa na mvi. Niliharibu, nikatengeneza, na nilikataa kuondoka katikati. Nikiwa mbele za Mungu nitaanza na hiyo wiki.

Mama Kolumba amekufa na rozari yake mkononi, Mkatoliki vilevile, na shamba likiwa lake. Jana Kolumba alinipigia simu. Mama alikuwa ameanza kukata nyasi za mwaka huu kwa mkono wake, karibu na miaka sabini, wiki moja kabla ya presha kumwangusha. "Kaka, bado zimelala pale alipoziacha," aliniambia. "Ditrick amenikataza kuzigusa. Anasema ukoo utakaa Jumapili ya wiki ijayo." Nimeandika barua ya likizo, nimempelekea mtendaji wa kata. Nimempigia na Wafula huko Kitale, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia bado kichwa ngumu, lakini safari hii niulize kwanza. Nimeuliza. Kolumba amesema nyasi zipangwe kama mama alivyozoea, kufuata mlima, na kina mama wawili wa jumuiya ile ya zamani bado wana nguvu na majembe wanayo. Jembe langu liko mlangoni, na yale mashati mawili nimeyatia kwenye mfuko. Ditrick, uliniuliza mwaka ule nilikuja kufanya nini. Jumatatu asubuhi pita shambani kwa dada yako uone, na kama nawe utataka kuniuliza kama nimeolewa, jibu ni lilelile nililompa baba yako.